Gari inawaka halafu inazima: kabla ya kununua spea, uliza swali

Wadau, leo naweka siasa pembeni. Nataka tuongelee ugonjwa mmoja wa magari ambao huku Nyanda za Juu Kusini umekuwa kama mafua, kila mtu anao au ana jirani anao. Unaingiza ufunguo, unazungusha, gari inawaka vizuri tu, inanguruma... sekunde tatu, nne, kimya. Unarudia, inawaka tena, inazima tena. Ukienda gereji unaambiwa "hiyo pampu hiyo". Ukishabadilisha pampu unaambiwa "basi itakuwa koili". Ukishabadilisha koili unaambiwa "tulete control box nyingine tujaribu". Mwisho wa mwezi una buti zima la spea za zamani na gari bado inazima.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao: gari inayowaka halafu inazima ni moja ya gari rahisi kuipima, kwa sababu yenyewe imeshakujibu nusu ya maswali. Tunachokosa siyo spea. Tunachokosa ni utaratibu wa kuuliza, na utayari wa kumlipa mtu kwa kufikiri. Na kwa barabara zetu hizi za milima, huu uzembe haumalizi pesa peke yake. Unaweza kummaliza mtu.

Naongelea hasa magari ya kispoti ya zamani, maana ndiyo vijana tunayapenda na ndiyo yanayoteswa zaidi. Pita Mwanjelwa, Kabwe au Mafiati jioni ya Ijumaa uone. Celica za miaka ya tisini, Altezza ambazo Toyota ilianza kuzitoa mwaka 1998 na kuzikomesha 2005, Impreza zenye mdomo wa hewa juu ya boneti, Mark II zenye roho ya mbio kwenye mwili wa mzee wa kanisa. Iringa ni hivyo hivyo, tena kule kuna mapenzi ya rally tangu zamani. Anayeshangaa mapenzi haya yanatoka wapi akumbuke kwamba Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, na Toyota Celica ikaja kuishinda mwaka 1990 na kisha 1992 hadi 1995 mfululizo. Haya magari hayakuja Afrika Mashariki kama wageni. Yalijengewa jina lake kwenye vumbi letu.

Lakini Celica ya 1995 leo ina miaka zaidi ya 30. Mipira imekauka, nyaya zimeshikwa na mafundi kumi, na aliyeiagiza wa kwanza ameshaiuza mara nne. Gari ya namna hiyo haitaki bahati nasibu.

Dalili yenyewe inasema nini

Ili injini ya petroli iwake inahitaji vitu vinne: hewa, mafuta, cheche, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda. Kama imewaka hata kwa sekunde mbili, maana yake vyote vinne vilikuwepo kwa hizo sekunde mbili. Betri ipo. Stata ipo. Plagi zimetoa cheche. Mafuta yamefika. Kwa hiyo swali siyo tena "nini kimekufa?" bali "nini kilikuwepo wakati wa kuwasha halafu kikaondoka?"

Ukiliweka swali hivyo, nusu ya spea unazotaka kuuziwa zinaanguka zenyewe. Wakati wa kuwasha kuna mambo yanafanyika ambayo hayafanyiki injini ikishashika. Pampu ya mafuta inapata umeme kwa njia ya swichi ya kuwashia. Kompyuta ya gari inaongeza mafuta kuliko kawaida. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya themanini na tisini kuna nozeli ya ziada kabisa inayonyunyiza mafuta injini ikiwa baridi, na inafanya kazi wakati unazungusha ufunguo tu. Halafu kuna presha iliyobaki kwenye mabomba ya mafuta tangu jana. Hivi vyote vinaweza kuipa injini pumzi ya sekunde chache hata kama mfumo mkuu umelala. Ndiyo maana gari inaweza kuwaka kwa furaha kisha ikakuacha.

Milima nayo ina neno

Hapa ndipo sisi wa huku tunapigwa bao. Gari imetoka Dar es Salaam ikiwa nzima. Imepanda Kitonga, imepita Iringa, imelala Makambako, imefika Mbeya, asubuhi inawaka na kuzima. Mwenye gari anaamini ameuziwa kimeo au mtu kamchezea njiani. Fundi naye anaamini kuna kitu kimekufa usiku. Mara nyingi hakuna kilichokufa.

Dar ipo usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya meta 1,500 juu, na Mbeya mjini ni karibu meta 1,700. Kwenye urefu wa Mbeya, msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Sasa injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa, inaishi kwa kijitundu kidogo cha hewa kinachopita pembeni ya mlango wa throto. Kama hicho kijitundu kimejaa masizi ya miaka ishirini, Dar hewa nzito inatosha kuibeba injini kwa shida. Mbeya kijitundu ni kile kile, masizi ni yale yale, ila hewa inayopita ni nyepesi. Injini inakosa pumzi, inazima.

Ongeza na baridi. Mwezi wa sita na wa saba huku siyo mchezo, mnajua wenyewe. Injini baridi inataka mafuta mengi zaidi na hewa zaidi ili isizime. Inajuaje kwamba ni baridi? Kuna sensa ya joto la maji inayoiambia kompyuta. Hiyo sensa ikidanganya kwamba injini imeshapata moto, kompyuta inapunguza mafuta na gari inazima saa kumi na mbili asubuhi, halafu saa sita mchana inawaka kama mpya. Na hapa nina ugomvi wa miaka na gereji za nchi hii: ile tabia ya kutoa thamostati na kuitupa "ili gari isichemshe". Thamostati ipo ili injini ifike kwenye joto lake na kukaa hapo. Ukiitoa, kwenye baridi ya Uyole au Mafinga injini inatembea nusu baridi siku nzima, inakunywa mafuta, plagi zinajaa masizi, sailensi inayumba. Tunatibu ugonjwa wa Dar kwa kutengeneza ugonjwa wa Mbeya.

Mfano wa karibu

Kuna mshikaji wangu ana Celica, ile ya injini ya 3S-GE ya lita mbili. Aliinunua Iringa, akaja nayo Mbeya kikazi. Wiki ya pili ikaanza: inawaka, inazima. Gereji ya kwanza ilibadilisha pampu ya mafuta. Ya pili ilibadilisha plagi na waya zake zote. Ya tatu ilitaka alete kompyuta ya gari kutoka Dar. Kabla ya hiyo ya tatu alikuwa ameshatumia pesa ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na hakuna hata fundi mmoja aliyekuwa amepima presha ya mafuta. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza inazima saa ngapi.

Aliyemsaidia ni mzee mmoja ambaye hana hata kibao barabarani. Nilikuwepo. Mzee hakufungua boksi la spana kwa karibu dakika ishirini. Aliuliza tu. "Inazima ukiwa umeachia ufunguo, au baada?" Baada. "Ukikanyaga mafuta kidogo inazima?" Haizimi. "Iringa ilikuwa inafanya hivi?" Ilikuwa inatetemeka kidogo, haizimi. Mzee akatabasamu, akamwambia, "Basi mwanangu, hii haina shida ya mafuta wala moto. Hii inakosa hewa." Akafungua throto na ile valvu ya sailensi iliyo chini yake. Kulikuwa na masizi meusi kama sufuria ya kande. Akasafisha kwa dawa yake na mswaki, akafunga, akabadilisha kipande kimoja cha mpira kilichopasuka. Gari ikawaka, ikanguruma, ikaendelea kunguruma.

Sijaileta hadithi hii ili kusema kila gari inayozima ina masizi. La hasha. Nimeileta kwa sababu ya yale maswali matatu. Yalikuwa na thamani kuliko spea zote zilizonunuliwa kabla yake, na kwa bei ya siku ile mzee alitaka kulipwa "hela ya chai".

Maswali ya kuuliza, kwa mpangilio

Hata kama hujui kushika spana, haya unaweza kuyajibu mwenyewe kabla hujafika gereji.

Kwanza, inazima pale pale unapoachia ufunguo? Kama ndiyo, angalia umeme unaotoka kwenye swichi baada ya kuwasha. Kwenye magari ya zamani sana, yale ya platini kama hiyo Datsun 240Z, kuna kizuizi cha umeme cha koili ambacho kinarukwa wakati wa kuwasha tu. Kikikatika, cheche inakuwepo wakati wa kuzungusha na inapotea ukiachia. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya themanini zenye kile kimlango cha kupimia hewa, pampu ya mafuta inawashwa na swichi iliyo ndani ya hicho kimlango injini ikishavuta hewa. Kimlango kikikwama, au mpira wa hewa ukichomoka, pampu inazima ukiachia ufunguo. Rilei ya pampu nayo iangaliwe hapa.

Pili, inazima baada ya sekunde moja au mbili, kila mara muda ule ule kama saa? Shuku ulinzi. Kuna magari, hasa ya Kijerumani kama Volkswagen na Audi, ambayo yasipoutambua ufunguo yanawaka kidogo na kujizima makusudi. Na huku kwetu ongeza zile alamu za kufungia mtaani na swichi za siri za kukata mafuta alizoweka mwenye gari wa kwanza na hakumwambia wa pili. Nyingi zimeungwa kwa selotepu. Fundi akibadilisha pampu wakati swichi ya siri ndiyo mbovu, amekuuzia pampu bure.

Tatu, ukikanyaga mafuta kidogo inaendelea kuishi? Basi mafuta na cheche vipo. Tafuta hewa: masizi kwenye throto, valvu ya sailensi, au mpira uliopasuka unaoingiza hewa ambayo haijapimwa. Kama gari ina sensa ya kupima hewa ya waya wa moto, ukichomoa plagi ya hiyo sensa, kwenye gari nyingi kompyuta inatumia makadirio yake. Gari ikitulia baada ya kuichomoa, mshukiwa wako ni sensa hiyo.

Nne, inazima hata ukikanyaga, kama mtu anayeishiwa nguvu polepole? Hapo sasa ongelea mafuta. Washa swichi bila kupiga stata usikilize nyuma. Magari mengi pampu inalia kwa sekunde mbili. Lakini kulia siyo kupeleka. Presha inapimwa kwa geji, na kwa Toyota nyingi za kizazi hicho inatakiwa kuwa karibu bar 2.7 hadi 3 ukiwa umechomoa mpira wa hewa wa regyuleta. Angalia filta. Fungua mfuniko wa tenki usikie kama linavuta hewa kwa nguvu, maana tenki lisilopumua linaikaba pampu. Pia angalia ekzosi: masega yakishayeyuka na kuziba, injini inawaka halafu inakosa pa kutolea moshi.

Tano, inazima ikishapata moto na inakataa mpaka ipoe? Shuku sensa ya krenki, igniter au koili, vitu ambavyo umeme wake hukatika vikichemka. Hapa ndipo "tumepima haina tatizo" inapodanganya, kwa sababu imepimwa ikiwa imepoa.

Sita, uliweka mafuta wapi mara ya mwisho? Tunakumbuka enzi za uchakachuaji, mpaka EWURA ikaanza kuweka alama maalumu kwenye mafuta mwaka 2010 na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua ile biashara ya kuyachanganya. Hali si ile ya zamani, lakini maji kwenye tenki na petroli ya dumu pembeni ya barabara bado vinakutana na nozeli zetu.

Na neno kuhusu "kupima kwa kompyuta". Magari mengi ya Japani ya miaka ya tisini yaliyotengenezwa kwa soko la kwao hayaongei na zile mashine za kisasa za kuchomeka. Fundi anachomeka, haisomi, anatangaza kwamba kompyuta ya gari imekufa. Haijakufa, lugha tu ni tofauti. Kwenye Toyota za kipindi hicho kuna kiboksi kwenye injini chenye matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa kiwaya na kuwasha swichi, taa ya injini inapepesa namba za kosa. Ni bure. Ila umakini unahitajika, ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Dawa inayoua

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Gari inayozima ukiachia ufunguo ina "dawa" yake maarufu mtaani: kuiunga pampu moja kwa moja. Fundi anavuta waya kutoka kwenye swichi mpaka kwenye pampu, anaruka rilei na kila kitu, gari haizimi tena, unalipa, unashukuru.

Unajua ulichoondoa? Ule mfumo unaozima pampu ukiachia ufunguo haukuwekwa ili kukusumbua. Umewekwa ili injini ikisimama, pampu nayo isimame hata kama swichi bado imewashwa. Ukipata ajali, injini ikazima na bomba la mafuta likakatika, pampu ya kawaida inanyamaza. Pampu yako iliyoungwa moja kwa moja inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto na wewe umebanwa ndani. Ndiyo maana nasema hii siyo habari ya pesa peke yake.

Na dawa ya pili, ya kupandisha sailensi kwa bisibisi ili gari "isizime zime". Tatizo limebaki pale pale, limefunikwa tu. Siku likirudi litarudi sehemu mbaya. Injini ikizima ukiwa unashuka, unapoteza msaada wa usukani, na booster ya breki inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Weka picha hiyo Kitonga, nyuma yako kuna lori la Tunduma limebeba tani thelathini. Au Inyala. Au mteremko wa Iwambi. Ikikutokea, kanyaga breki kwa nguvu na kwa kuendelea, usipige pige. Usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Washa taa za hatari, jaribu kuwasha tena ukiwa neutral, na utafute pembeni pa kusimama. Lakini bora isikutokee.

Lawama tugawane

Ni rahisi kumaliza kwa kuwatukana mafundi. Sitafanya hivyo, kwa sababu fundi anafuata pesa ilipo. Tunamlipa kwa kufunga kitu. Akikwambia "niachie gari saa mbili niipime, nipe elfu ishirini," unamwambia "yaani ya kuangalia tu?" Akikwambia "pampu imekufa, laki mbili," unatoa. Sasa fundi mwenye watoto afanye nini? Atajifunza kufikiri au atajifunza kuuza pampu?

Hospitali tunamlipa daktari kumuona, tunalipia maabara, ndipo tunanunua dawa. Daktari akitupa dawa tatu za kujaribu bila kipimo tunalalamika. Gereji tunalilia dawa na kukataa kipimo. Tumesoma, tuna digrii, lakini mbele ya boneti lililofunguliwa tunakuwa watu wa ramli.

Kuna watakaosema hili ni tatizo la wapenda sifa, kwamba mtu mwenye akili anunue IST yake atulie. Nawaelewa. Lakini IST nayo ina throto, nayo ina pampu, nayo inapanda Kitonga, na nayo inazidi kuzeeka. Nchi inayoishi kwa magari yaliyokwisha kutumika na wengine haina anasa ya kutojua kuyapima. Gari ya kispoti inaonyesha udhaifu wetu mapema tu, kwa sababu imekazwa zaidi na inasamehe kidogo.

Ninachopendekeza ni kidogo. Ukienda gereji, taja dalili, usitaje spea. Ukimwambia fundi "nafikiri ni pampu" umeshamfunga mdomo. Omba kipimo kabla ya kifaa: presha ni ngapi, umeme ni volti ngapi, kosa ni namba gani. Lipia kipimo hicho bila kununa, hata kama jibu ni "safisha tu". Kataa waya wa kuruka kwenye pampu, labda kwa kuifikisha gari gereji na si zaidi. Dai spea yako ya zamani. Na VETA wapo Mbeya, wapo Iringa, na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia tunacho hapa hapa Mbeya. Natamani siku moja kijana akitoka huko aweke kibao kisichosema "tunauza na kufunga", kiseme "tunapima", na sisi tumpelekee kazi.

Yule mzee wa maswali matatu bado yupo, bado hana kibao, na bado anadai hela ya chai. Mshikaji wangu siku ile alimlipa mara tano ya alichotaka. Mzee alizihesabu mara mbili akidhani amekosea.

Ni hayo tu kwa leo. Endesheni salama.